Karatasi moja, habari mbili: barua ya shule iliyomchafulia mwalimu jina

Wiki ya kwanza ya mwezi wa saba, watoto wakiwa wametoka likizo, shule ya msingi ya kijijini kwetu iliwatumia wazazi barua ya ukurasa mmoja. Nusu ya juu ilirudisha majibu ya maoni ambayo wazazi waliombwa kabla ya likizo. Nusu ya chini ilikuwa ya habari za walimu: nani anastaafu, nani anahama, nani anakuja. Ilipofika Jumamosi ya wiki hiyohiyo, kijiji kilishaamini kwamba mwalimu wa darasa la kwanza amefukuzwa kazi kwa kupiga watoto, na kwamba kuna mama wa kitongoji cha juu ndiye aliyemfukuzisha. Yote mawili hayakuwa kweli. Na ndani ya barua ile hapakuwa na neno hata moja la uongo.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule hiyo. Rasimu ya barua niliisoma, nikasahihisha nukta na herufi kubwa, nikasema iko sawa, ipelekwe kudurufiwa. Kwa hiyo kisa hiki nakieleza nikiwa ndani yake. Shule siitaji, wala mtu yeyote. Itoshe kusema ni shule ya serikali wilayani Muheza, upande wa barabara inayopanda Amani, na wazazi wengi ni wakulima wa machungwa, na huko juu zaidi hiliki na pilipili manga.

Maoni yalivyokusanywa

Mwishoni mwa mwezi wa tano kila mtoto alirudi nyumbani na kipande cha karatasi chenye maswali matatu: nini kinaenda vizuri shuleni, nini hakiendi vizuri, na mzazi anashauri nini. Karatasi zirudi baada ya wiki moja, zitumbukizwe kwenye sanduku la maoni lililopigiliwa ukutani nje ya ofisi. Jina la mzazi halikuhitajika, na mwalimu mkuu alilitangaza hilo mstarini mara mbili, kwamba ni siri.

Tulipofungua sanduku niligundua jambo ambalo hakuna aliyeliwaza. Karatasi nyingi ziliandikwa na watoto. Mama anakaa jikoni, anasema, mtoto anaandika. Wazazi wengine hawajui kuandika, wengine wanajua lakini kalamu imewakaa mbali miaka mingi, wengine walikuwa shambani wakarudi usiku wamechoka. Ikawa malalamiko ya mtu mzima yamekuja kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la tatu au la tano, herufi kubwa kubwa, mstari unapanda na kushuka.

Sasa fikiria mwalimu wa darasa la tatu anayesahihisha madaftari ya watoto walewale kila siku ya Mungu. Mwandiko wa kila mmoja anaujua kama anavyojua sura yake. Karatasi moja ilisema hivi, na nimeinakili kama ilivyokuwa: "mwalimu anachapa sana mpaka mtoto anaogopa kuja shule." Haikutajwa darasa. Haikutajwa mwalimu. Lakini walimu wawili waliokuwa wakitusaidia kupanga karatasi mezani walitazamana, na mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Huyu ni wa kwangu." Siri iliishia pale, kabla hata barua haijaandikwa. Ilikuwa karatasi ya yule mama wa kitongoji cha juu, na mwalimu aliyekuwa akilalamikiwa alikuwa wa darasa la tatu.

Naliweka jambo hili mbele kwa sababu kila nikikitafakari kisa hiki narudi hapa. Tulimwahidi mama yule ulinzi ambao hatukuwa na namna ya kumpa.

Barua yenyewe

Mwalimu mkuu, ambaye kwa nafasi yake ndiye katibu wa kamati, aliandika barua mwenyewe. Ni mtu makini, na lugha yake ni ile ya ofisi aliyoizoea miaka yote. Maoni aliyafupisha katika mafungu matatu. La kwanza uji wa saa nne: wazazi walitaka kujua mahindi waliyochanga yamekwenda wapi, na barua ilijibu kwa kutaja magunia yaliyopokelewa na yaliyobaki stoo. La pili masomo ya ziada: wazazi walilalamika kuhusu fedha, barua ikasema hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa kutolipa. Hayo mawili yalieleweka na sikumsikia mtu akiyazungumza tena. Fedha za michango watu wanazifuatilia kwa karibu tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, na zaidi tangu agizo la rais la Januari 2018 la kuwataka walimu wasishike michango kabisa. Shule iliyojibu kwa magunia na tarehe ilijibu kile kilichoulizwa.

Fungu la tatu liliandikwa hivi: "Baadhi ya wazazi wamelalamikia adhabu ya viboko katika madarasa ya chini. Uongozi umelipokea suala hili na hatua stahiki zimechukuliwa." Ukafuata mstari mtupu mmoja, kikaja kichwa kidogo, WALIMU, na chini yake sentensi ya kwanza kabisa: "Mwalimu wa darasa la kwanza hatutakuwa naye tena kuanzia muhula huu."

Isome kama anavyoisoma mtu aliyesimama mlangoni, mtoto mgongoni, karatasi mkononi. Viboko, madarasa ya chini, hatua zimechukuliwa, mwalimu wa darasa la kwanza hatutakuwa naye tena. Kichwa kile kidogo cha katikati hakikumzuia mtu. Sentensi mbili zikikaa jirani, ya pili husomwa kuwa tokeo la ya kwanza. Hata mtu wa ofisini angeisoma hivyo kama barua ingetoka shule nyingine.

Na lile neno "hatutakuwa naye tena" lilifanya kazi yake nyingine peke yake. Kwetu, mtu ambaye hatuko naye tena ni marehemu. Bibi mmoja anayelea wajukuu wawili shuleni hapo alisomewa barua jioni, akafunga kanga, akashuka hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji kuuliza msiba umewekwa wapi. Alilia njiani. Nilikuwepo alipofika, na nilishindwa kumwangalia usoni.

Kwa nini ikawa ukurasa mmoja

Baadaye kamati ilimwuliza mwalimu mkuu kwa nini hakutenganisha mambo haya. Jibu lake lilikuwa fedha, na alikuwa mkweli. Ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo zinazoingia akaunti ya shule, kwa kuwa 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Shule ya wanafunzi 600 inapata shilingi 3,600,000 kwa mwaka mzima, sawa na 300,000 kwa mwezi. Humo kuna chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, maji, nauli ya kwenda wilayani. Kudurufu ukurasa mmoja ni shilingi 100. Familia 400 ni shilingi 40,000. Kurasa mbili ni 80,000, zaidi ya robo ya fedha ya mwezi kwa barua tu.

Hesabu hiyo siibezi. Nimekaa kwenye vikao vya kamati ambavyo tulibishana nusu saa kuhusu bei ya ndoo mbili. Lakini habari za walimu hazikuhitaji kuchapwa kwa familia 400. Zingesomwa kwenye mkutano wa wazazi, zikabandikwa ubao wa matangazo palepale tunapobandika mapato na matumizi ya ruzuku, na gharama yake ingekuwa karatasi mbili. Hatukuwaza hivyo kwa sababu tulizichukua zote mbili kuwa "taarifa", na taarifa tumezoea kuzikusanya zikijaa ukurasa.

Kilichomzuia mkuu kueleza

Mwalimu yule wa darasa la kwanza alihama kwa kuomba mwenyewe. Mume wake anafanya kazi Mbeya, na wameishi mbalimbali miaka minne. Aliomba kumfuata mwenza, maombi yakapita kwenye mfumo wa watumishi, kibali kikatoka wakati wa likizo. Kuhama kutoka mkoa hadi mkoa kunaamuliwa TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Si mwalimu mkuu, si kamati, si mzazi yeyote mwenye uwezo wa kumhamisha mwalimu hivyo, na laiti hilo peke yake lingeandikwa, nusu ya uvumi ingekosa pa kusimama.

Mwalimu mkuu aliona sababu ya uhamisho ni jambo la ndani la mtumishi. Mambo ya mume na mke hayaandikwi kwenye barua ya shule. Kwa hilo yuko sahihi kabisa, na nilimtetea kwenye kikao. Ila kati ya kutangaza ndoa ya mtu na kunyamaza kimya kuna nafasi pana. "Mwalimu wetu wa darasa la kwanza amehamia mkoa mwingine kwa maombi yake mwenyewe. Tunamshukuru kwa miaka sita aliyotufundishia watoto." Hapo hakuna siri ya mtu iliyotoka nje. Shukrani ndiyo iliyokosekana zaidi. Mtu aliyefukuzwa hashukuriwi, na wazazi walipotazama wasione neno la shukrani walihesabu kwamba hastahili.

Uchungu wake ni kwamba mwalimu yule hakuwa mtu wa fimbo. Darasa lake la watoto zaidi ya 80 alilifundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda alivyokuwa akiviokota mwenyewe kwenye maduka ya njia panda, kila kundi la watoto na kopo lake. Mtoto wangu wa mwisho alijifunza kujumlisha kwa vizibo hivyo, mpaka leo akihesabu anasogeza kidole kana kwamba kuna kizibo chini yake. Huyo ndiye aliyekuwa akifunga mizigo huku kijiji kikisema amefukuzwa kwa ukatili.

Wiki ya pili

Mama wa kitongoji cha juu alianza kuona mabadiliko bombani. Akifika, mazungumzo yanakatika. Ndoo yake inasogezwa nyuma. Shuleni mwanawe aliambiwa na mwenzake, "Mama yako kamfukuzisha mwalimu." Mtoto huyo ndiye aliyekuwa ameiandika ile karatasi kwa mkono wake. Alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba hataandika tena barua ya mtu yeyote.

Kamati ilikutana Jumanne, nje ya ratiba. Mwalimu mkuu alipendekeza tuandike barua ya kukanusha uvumi. Mwenyekiti wetu, mzee aliyesomesha watoto wake wote pale na sasa ana wajukuu, alikataa. Alisema, "Mwalimu, ukikanusha kwa karatasi watasema karatasi ya kwanza ilisema hivi, ya pili inasema vile, ipi tuamini? Waite. Waambie kwa mdomo." Halafu akaongeza jambo ambalo sisi wengine hatukulifikiria: mwalimu mwenyewe aulizwe kama yuko tayari kuja kuaga, na akikataa tusimlazimishe.

Alikubali. Alikuwa bado na siku nne kabla ya kusafiri.

Mkutano ulifanyika Alhamisi alasiri chini ya mwembe wa shule. Walikuja wengi kuliko ninavyokumbuka kuona kwenye mkutano wowote, akina baba pia. Mwalimu mkuu alifungua kwa kusema barua aliiandika yeye, na mpangilio wake ulikuwa mbaya, na amelitia jina la mtu doa bila kukusudia. Alisema "nimekosea", kwa nafsi ya kwanza. Nililishika neno hilo kwa sababu barua nzima haikuwa na mtu ndani yake: maoni yamepokelewa, hatua zimechukuliwa, wazazi mnajulishwa. Hakuna aliyepokea, hakuna aliyechukua, hakuna anayejulisha. Barua isiyo na mtu inamwacha msomaji amtafute mtu mwenyewe, na kijiji kilimtafuta kikampata mwanamke aliyeko bombani.

Kisha mwalimu akasimama. Hakuzungumza sana. Alisema ameomba mwenyewe kuhama ili akaishi na familia yake, kwamba hakuna mzazi aliyemlalamikia, na kama yupo anamwomba asimame amwambie hapo hapo ili aondoke akiwa amejua kosa lake. Kimya. Halafu bibi yule aliyetafuta msiba alinyanyuka pale alipokaa, akaenda kumshika mikono yote miwili, akabaki amemshika. Akina mama wengine wakafuata. Makopo ya vizibo aliyaacha kabatini, akamwonyesha mwalimu wa darasa la pili yalipo.

Viboko

Hilo la uhamisho lilikwisha siku hiyo. La viboko halikwisha, na kwa maoni yangu ndilo lililokuwa kubwa tangu mwanzo. Kelele za uhamisho zililifunika. Wiki mbili nzima kijiji kilizungumza kuhusu mwalimu asiyechapa, na aliyekuwa akichapa hakuguswa na mtu.

"Hatua stahiki" ni zipi? Tuliuliza kwenye kikao kilichofuata. Jibu lilikuwa kwamba walimu wote walikumbushwa kikaoni wazingatie utaratibu. Utaratibu wenyewe uko wazi kwenye kanuni za adhabu ya viboko za 2002: viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa kibali kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike pale ambapo yupo, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Tukaomba kitabu. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa wa mwezi wa tatu. Hakuna mtu kati yetu aliyeamini kwamba tangu mwezi wa tatu hakuna mtoto aliyechapwa.

Mwalimu mkuu aliona aibu, na aibu ile ilileta kazi. Mwalimu wa darasa la tatu aliitwa, akaonywa kwa barua, na afisa elimu kata akapewa nakala. Wazazi walipoitwa tena mwezi wa nane walisomewa kanuni yenyewe, kifungu kwa kifungu, pamoja na maelezo kwamba mzazi yeyote anaweza kumwomba mwalimu mkuu amwonyeshe kitabu. Baba mmoja aliuliza, "Kumbe ni vinne tu?" Miaka yote mtoto wake alikuwa akija na alama za zaidi ya hizo, na hakujua kwamba kuna mahali pameandikwa.

Maoni nayo tumebadilisha namna ya kuyakusanya. Hatutumi tena karatasi kwa mtoto. Kila kitongoji wazazi wamechagua wenzao wawili, mmoja mwanamke, ambao huwasikiliza watu nyumbani au shambani, huandika wao, kisha hukaa pamoja na kuyachanganya maoni kabla hayajafika shuleni. Walimu hawapangi karatasi mezani. Ni kazi kubwa zaidi, na wale wawili wa kitongoji cha chini wamekwishalalamika kwamba hawalipwi hata nauli ya bodaboda. Wana haki, na hatujapata jibu la kuwapa.

Lililobaki gumu ni yule mama. Shule isingeweza kumwomba radhi hadharani, maana kumtaja kungethibitisha kwamba ndiye aliyeandika. Mwenyekiti alipanda mwenyewe kwa miguu hadi kwake, Ijumaa baada ya swala, akakaa ukumbini, akamwomba msamaha kwa niaba ya kamati mbele ya mume wake. Mama alimpa chai. Alisema amesamehe. Kwenye mkutano wa mwezi wa nane hakuja, na wa mwezi wa kumi pia hakuja.

Darasa la kwanza halijapata mwalimu mpya hadi naandika haya. Limeunganishwa na la pili, na wale walimu wapya wawili waliotajwa kwenye barua ile walipangiwa madarasa ya juu. Mwalimu mkuu safari hii hakuandika barua. Alibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo, kwa mkono, akisema ameomba mwalimu kwa afisa elimu wa wilaya, akataja tarehe aliyoomba, na kwamba tarehe 15 ya kila mwezi ataandika hapo alipofikia, hata kama hakuna kipya. Tarehe 15 ya mwezi wa tisa nilipita asubuhi kupeleka mahindi ya uji. Akina mama wanne walikuwa wamesimama mbele ya ubao, na mmoja aliyejua kusoma aliwasomea wenzake mstari ulioongezwa kwa kalamu ya bluu: "Sijajibiwa bado. Nimeandika tena jana."